Je, Wajua? Trela la Boti Huliwa Kuanzia Ndani

Kwamba redi oksaidi, ile praima ya rangi ya udongo inayopakwa kila geti na kila chasisi, wekundu wake unatokana na oksidi ya chuma? Ni jamii moja na kutu. Tofauti ni kwamba hii imeshamaliza kuoza.

Kwamba kutu huweza kujaza nafasi hadi mara sita ya chuma ilichotokana nacho? Ndiyo maana rangi huvimba na kubanduka. Tunailaumu rangi, kumbe imesukumwa kutoka chini.

Kwamba paipu za mraba huanza kuoza kwa ndani? Trela likizamishwa, maji ya bahari hupenya kwenye matundu ya bolti na miisho isiyozibwa. Maji hukauka, chumvi hubaki, na usiku huvuta unyevu wa hewa kazi ikaendelea. Pitisha nyundo ndogo taratibu chini ya paipu: penye uzima patalia, palipoliwa patatoa sauti butu. Kopo la rangi halifiki huko. Kinachosaidia ni matundu ya kutolea maji upande wa chini, na mpira wa maji matamu kila boti linapotoka baharini.

Kwamba kupiga msasa kabla ya kuosha ni kuisugulia chumvi ndani ya mikwaruzo? Ikishafunikwa na rangi, huvuta maji kupitia rangi hiyohiyo, na baada ya muda unaona malengelenge. Osha, kausha, ndipo upige msasa.

Kwamba rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya chuma kilichochovywa zinki hugeuka sabuni? Si utani: mafuta ya rangi hukutana na zinki na utando wa sabuni hujengeka katikati, kisha rangi yote huvuliwa kama ganda. Fundi atasema rangi ilikuwa feki. Palihitajika praima ya kuuma zinki, au ya epoksi.

Kwamba praima yenye zinki nyingi haina maana juu ya kutu au rangi ya zamani? Hulinda kwa umeme: zinki huliwa badala ya chuma, mradi vigusane.

Kwamba mwaka 1824 Humphry Davy wa Uingereza alitumia hila hiyohiyo kulinda shaba iliyofunika matumbo ya meli za kivita? Shaba ilipona kweli. Lakini sumu yake iliacha kuyeyuka majini, magugu na chaza wakajazana, meli zikawa nzito. Mpango ukaachwa.

Kwamba rangi mbichi huikimbia ncha kali? Kwenye kingo, vichwa vya bolti na mistari ya kuchomelea hubaki nyembamba mno. Mafundi makini huzipaka sehemu hizo kwanza kwa brashi, halafu ndipo wapulize trela zima.

Kwamba epoksi, pamoja na ugumu wake, jua huigeuza kuwa unga kama chaki? Ifunike kwa rangi ya poliuretani.

Kwamba beringi za magurudumu huweza kuanza kufa siku ya kwanza kwa haraka ya dereva? Habu ikitoka barabarani ina moto. Ukiizamisha papo hapo, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, kisha hunyonya maji ya chumvi kupitia sili. Acha ipoe kwanza, ndipo urudishe gari nyuma.