Bei ya Kujua Mswada Utafika Wapi

Mswada huanza kugusa mifuko ya watu kabla haujawa sheria. Mwenye hisa za benki, mwagizaji ngano na mwenye kiwanda cha sigara wote wanataka kujua mapema kama utapita, lini, na ukiwa na vifungu gani. Ndiyo maana kampuni kubwa, mawakili na madalali wa hisa hulipa watu wa kuifuatilia miswada hatua kwa hatua.

Nchini Kenya hatua hizo si siri. Mswada huchapishwa, husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati na wananchi wakatoa maoni, kisha hujadiliwa na kurekebishwa hadi usomwe mara ya tatu. Ukipita, Rais ana siku 14 za kuutia sahihi au kuurudisha. Kinachouzwa, basi, si maandishi bali makadirio: nani ataunga mkono, nani atageuka.

Mfano mzuri ni riba. Mbunge Jude Njomo alipeleka mswada wa kuzizuia benki kutoza mikopo zaidi ya asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Bunge liliupitisha Julai 2016, na wengi sokoni wakaamini Rais Uhuru Kenyatta angeukataa. Tarehe 24 Agosti akautia sahihi. Kesho yake hisa za benki ziliporomoka katika Soko la Hisa la Nairobi. Mswada ulikuwa mikononi mwa kila mtu kwa wiki kadhaa; kilichokosewa ni kumsoma mtu mmoja pale Ikulu.

Miaka mitatu baadaye mambo yaligeuka. Oktoba 2019 Rais huyohuyo alirudisha Mswada wa Fedha akitaka kikomo hicho kiondolewe. Ili kumpinga, zilihitajika kura za theluthi mbili ya wabunge wote 349, yaani 233. Hapo hakukuhitajika mnong'ono wowote, ilitosha kujua kuhesabu, maana kuwakusanya wabunge wengi kiasi hicho ukumbini ni kazi nzito. Idadi haikutimia, na Novemba kikomo kikafutwa.

Mnong'ono nao una soko lake. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2012 iliyopewa jina la STOCK Act inawakataza wabunge na wasaidizi wao kufanya biashara ya hisa kwa habari wanazozipata kazini kabla hazijatangazwa. Pendekezo la kuwalazimisha wauzaji wa habari za kisiasa wajisajili liliondolewa kabla sheria hiyo haijapita. Aprili 2013, kampuni moja ya udalali iliwadokeza wateja wake kuhusu malipo ya bima ya afya ya wazee, na hisa za kampuni ya bima ya Humana zikapanda dakika chache kabla soko kufungwa, serikali ikiwa bado haijatangaza.

Kwa mwenye akiba ndogo, miswada ya Kenya inapatikana bure kwenye tovuti ya Bunge. Asichokuwa nacho ni muda wa kuisoma, na huo ndio wenye fedha wanaoununua.