Sarufi katika Lugha za Kompyuta

Lugha ya programu ni mfumo wa ishara unaomwezesha binadamu kuiamuru kompyuta. Kompyuta za kwanza ziliamriwa kwa tarakimu tupu, kazi iliyochosha na kuzaa makosa mengi. Mwaka 1957 kampuni ya IBM ilitoa FORTRAN, iliyobuniwa na kundi la John Backus. Fomula ziliandikwa karibu kama zilivyozoeleka katika hisabati, na programu maalumu ikazitafsiri kwa lugha ya mashine.

Hatua inayomhusu zaidi mwanaisimu ilifuata. Mwaka 1956 Noam Chomsky alikuwa ameieleza sarufi kuwa ni kanuni zinazozalisha sentensi. Mwaka 1959 Backus aliieleza sintaksia ya lugha ya ALGOL kwa kanuni za namna hiyo, na Peter Naur akaziboresha katika taarifa ya 1960.

Hata hivyo, mfanano huo una mpaka. Sentensi "Asha alimpigia Juma mpira" ina maana zaidi ya moja, na msikilizaji huamua kwa kutegemea muktadha. Mashine haiachiwi uamuzi huo; amri yake yapasa kuwa na maana moja tu.

Aidha, maneno ya Kiingereza yaliyomo katika lugha hizi si sharti la sarufi yake. ALGOL 68 iliandikiwa pia maneno ya amri ya Kirusi. Kwa hiyo, suala linaloikabili Kiswahili si uwezo wa kuzibeba kanuni hizo, bali ni kupata istilahi sanifu za kuzifundishia.