Sumu Inayoinyima Saratani Pa Kushika

Mara kwa mara huzuka habari kwamba sumu ya nyoka fulani imeua seli za saratani maabarani. Mara nyingi ni kweli, ila haitoshi kutupa matumaini, kwa sababu ndani ya kisahani cha maabara hata jiki huua seli za saratani. Kazi ni kuidhibiti saratani na mgonjwa abaki salama.

Ndiyo maana utafiti wa Francis Markland na wenzake, wa Chuo Kikuu cha Southern California, unanivutia kuliko mwingine. Walichambua sumu ya copperhead, nyoka wa Marekani aliye wa familia moja na kifutu, wakapata protini iitwayo kontortrostatini. Sifa yake kubwa si kuua. Juu ya seli za saratani kuna vipokezi viitwavyo integrini, ambavyo seli huvitumia kujishikiza kwenye tishu, kupenya na kuhamia viungo vingine. Kontortrostatini huviziba, seli ikakosa pa kushika. Mishipa mipya ya damu inayolisha uvimbe nayo hutegemea integrini, hivyo hupungua. Kwa panya waliopandikizwa saratani ya matiti ya binadamu, uvimbe ulikua polepole na saratani ikapungua kusambaa mapafuni.

Kikwazo kilikuwa chembe sahani za damu. Nazo zina integrini, na protini hiyo ikizigusa huzizuia kugandisha damu. Watafiti wakaifunga ndani ya liposomu, yaani vijifuko vidogo mno vya mafuta, ili isafiri katika damu bila kuzigusa hadi kwenye uvimbe. Baadaye walitengeneza protini ya aina hiyo kwa kutumia bakteria, bila haja ya kukamua nyoka.

Uwezo huohuo wa kuzuia damu kuganda, ambao hapa ni kikwazo, ndio uliozaa eptifibatide, dawa ya moyo iliyotokana na sumu ya nyoka na kuidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kwa saratani mambo ni magumu zaidi. Cilengitide, dawa isiyotokana na nyoka lakini inayolenga integrini vilevile, haikurefusha maisha ya wagonjwa wa saratani ya ubongo katika jaribio kubwa, licha ya matumaini ya awali.

Kwa hiyo ukiuziwa sumu ya nyoka, ya kunywa au ya kupaka, kwa madai kwamba inatibu saratani, usinunue. Hakuna iliyothibitishwa kwa binadamu. Ukiona uvimbe usioeleweka, nenda hospitali mapema, na ukishaanza matibabu usiyakatize.