Kitambi Kinapoichokoza Ngozi

Soko la Keumbu, kando ya barabara ya Kisii–Keroka, linajulikana kwa ndizi. Mchuuzi mwenye mabaka ya magamba viwikoni anaweza kuona mteja akisita kupokea chenji kutoka mkononi mwake. Hofu hiyo haina msingi, kwa maana mabaka hayo ni ya soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza. Kinga ya mwili ndiyo inayokosea na kuifanya ngozi ijitengeneze upya kwa siku chache badala ya mwezi hivi. Kwa watu weusi mabaka mara nyingi huwa ya zambarau au kijivu, hivyo ni rahisi kuyadhania kitu kingine.

Uzito nao umo katika ugonjwa huu. Mafuta ya tumboni hayalali tu: hutoa kemikali zinazochochea uvimbe mwilini, na uvimbe ndio unaoilisha soriasisi. Jaribio la Denmark lililochapishwa 2013 liliwahusisha wagonjwa 60 wanene. Waliopewa mlo wa kalori chache kwa wiki 16 walipungua takriban kilo 15 zaidi ya wenzao, na ugonjwa ukapunguza kuwasumbua maishani. Mabaka yenyewe yalielekea kupungua, ingawa si kwa kiwango cha kutangaza ushindi. Dawa bado zinahitajika.

Kwa anayetaka kupungua hapa Kisii, sioni haja ya kulaumu matoke ya kuchemsha, managu wala ugali wa wimbi. Mimi ningeanza na chai. Vikombe vinne kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari, ni gramu 48 hivi, karibu maradufu ya gramu 25 ambazo Shirika la Afya Duniani linaona ni afadhali tusizivuke. Mandazi sijayahesabu. Parachichi ni chakula kizuri, lakini lina mafuta mengi, nusu yatosha.

Uzito hauongezwi na chakula pekee: kuna pia vidonge vya steroidi vinavyonunuliwa bila daktari. Huongeza hamu ya kula na uzito, na ukiviacha ghafla soriasisi yaweza kulipuka vibaya zaidi. Kama tayari unavimeza, usivikatize peke yako; mwone daktari avipunguze taratibu.

Ukianza kupungua, jiandae kwa minong'ono, maana wengi bado huona kitambi ni dalili ya neema na wembamba ni ugonjwa. Waambie ni mpango wako. Ila ukipungua bila kukusudia, au viungo vikivimba na kukakamaa asubuhi, nenda hospitali: soriasisi hushambulia viungo pia, na vikiharibika havirudi.