Kibao cha nyanya kilivyomrudisha babu uwanjani

Leo mwenzenu naweka kando mapenzi na mitindo. Nina stori ya bunduki. Usishtuke, humu hakufi mtu.

Mwaka 2023 nilikwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa Ohio, kule Marekani. Jirani yao ni mzee wa Kizungu wa miaka 78, kafiwa na mkewe, na starehe yake ilikuwa moja tu: kila Jumamosi klabuni kulenga shabaha. Bunduki yake si ya vita. Ni Winchester 52, bunduki ya mashindano iliyoanza kuuzwa 1920 na kiwanda kikaacha kuitengeneza 1980. Ina uzito wa karibu kilo 5, lakini risasi yake ni kadogo, unene milimita 5.6. Unalala kifudifudi, unalenga karatasi iliyo mita 50 mbele yako. Duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4. Kitufe cha shati, basi!

Nilipomkuta, babu alikuwa ameshaamua kuacha. Bunduki alitaka kuiuza.

"Macho bado yapo," aliniambia. "Vidole ndivyo vimegoma."

Kasheshe lenyewe lilikuwa hivi. Bunduki hiyo ina magazini, kile kisanduku cha risasi 5 kinachoingia kwa chini. Lakini kwenye shabaha watu hupakia moja moja kwa mkono. Kichwa cha risasi ile ni risasi kweli, yale madini laini, na kikikwaruzwa wakati wa kutoka kwenye magazini, inaweza kwenda inakotaka yenyewe. Sasa ukiichomoa magazini linabaki shimo, na risasi unayoiweka inadondoka chini. Zamani kiwanda kiliuza kipande cha kuziba shimo hilo. Juu kina mfereji: unaweka risasi, unasukuma kile chuma cha kufungia nyuma, inateleza moja kwa moja mtutuni. Mwaka 1961 wakatoa na toleo la 52D lisilo na magazini kabisa. Ya babu ilikuwa ya kabla ya hapo, na kipande chake kilishapotea. Miaka yote alikuwa akiingiza risasi kwa vidole mpaka kwenye tundu la mtutu. Baridi yabisi ilipomkamata mikono, kila akipakia mbili, ya tatu iko majanini.

"Si tuchonge kipande chetu?" nikaropoka. Hapo mwenzenu tupa sijaishika tangu nimemaliza shule!

Shemeji akatoa kibao cheupe cha plastiki cha kukatia nyanya. Babu akachomoa chuma cha nyuma, akakagua mtutu mara mbili kuwa hauna kitu, na risasi zote akazifungia chumba kingine. Ndipo tukaanza. Tulichukua magazini tupu, tukachora umbo lake juu ya kibao, tukakata kwa msumeno.

Kipande cha kwanza nilikiharibu mimi. Nilisugua kwa pupa kama naosha sufuria, kikawa chembamba, kikapita shimoni na kuanguka sakafuni. Tupa ikishakula, hairudishi. Cha pili kiliingia, ila mfereji ulikuwa juu mno, chuma cha nyuma kikagoma kupita. Dada naye akaanza kulalamika kibao chake kinakwisha.

Cha tatu babu alikaa pembeni yangu. Nasugua mara tano, tunajaribu. Mara tano tena, tunajaribu. Mfereji tukaupa upana uliozidi kidogo milimita 7, maana kitako cha ganda kina ukingo mpana kuliko risasi yenyewe. Sakafu yake tukaishusha mpaka ikalingana na tundu la mtutu. Ubavuni tukachonga pengo la kushikwa na komeo la magazini, kisha msasa mwembamba mpaka kikateleza. Tukajaribu kwa risasi ya bandia ya plastiki. Ikaingia bila kugusa ukingo. Babu hakusema kitu. Aliichomoa, akairudisha, akaichomoa, akairudisha, kama mtoto aliyepata gari la waya.

Jumamosi nilimsindikiza. Risasi 20, dakika 20, yaani dakika moja kwa kila risasi. Vijana wa pembeni walikuwa na bunduki za kisasa za bei mbaya. Babu na kibao chake cha nyanya: anaweka, anasukuma, anapumua, anafyatua. Hakushinda. Lakini hakuna risasi hata moja iliyoanguka majanini, na habari ya kuuza bunduki sikuisikia tena.

Angalizo: hapa kwetu silaha ni kwa leseni, sheria ya mwaka 2015 haina utani. Usije ukasema gazeti limekutuma!

Mimi niliporudi Dar nilikuja na kile kipande cha kwanza, kile nilichokiharibu. Kipo mezani ninapoandika. Nikiona nakimbiza makala ili niwahi kulipwa, nakitazama. Mara tano, halafu jaribu.

Tukutane wiki ijayo. Na dada, kibao kipya nitakununulia, nakuahidi.