Dawa ya Huzuni na Dawa ya Saratani Zikutanapo Mwilini

Katika mwezi wa Shaabani, baada ya darsa ya kina mama, mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa madrasa. Mwaka uliotangulia alipasuliwa kwa saratani ya titi, na tangu hapo hunywa tamoksifeni kila siku. Mkobani alikuwa na pakiti nyingine: fluoksetini, dawa ya sonona, ile huzuni nzito imnyimayo mtu usingizi na hamu ya chakula.

"Sheikh, mwanangu kaletewa ujumbe kwenye simu kuwa dawa hizi huua saratani. Kaninunulia. Nizichanganye?"

Mimi si tabibu, na nilimwambia hivyo. Lakini swali lake lilinikesha, kwani ujumbe ule haukuwa uzushi mtupu.

Mwaka 2015 watafiti wa Uswisi waliwapa panya wenye uvimbe wa ubongo imipramini, dawa kongwe ya sonona, pamoja na tiklopidini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Zilipounganishwa, panya waliishi muda mrefu zaidi, ingawa hawakupona. Mwaka 2024 wenzao wa Zurich walichukua vipande vya uvimbe mkali wa ubongo, glioblastoma, kutoka kwa wagonjwa waliopasuliwa, wakajaribu juu yake dawa zaidi ya mia moja. Iliyong'ara ni vortioksetini, nayo ni ya sonona. Sababu moja yaeleweka: ubongo una ukuta unaouhifadhi, na dawa nyingi za saratani hugonga pale zikarudi. Dawa ya sonona imeundwa ili ipenye. Kwa panya ilifaa zaidi ilipoandamana na matibabu ya kawaida. Hata hivyo, watafiti wenyewe walionya wagonjwa wasijinywee, maana ilikuwa haijathibitika kwa binadamu wala kipimo chake hakijajulikana.

Hiyo ni habari ya ubongo. Ya titi ni nyingine, nayo ndiyo iliyonitia hofu.

Tamoksifeni inapomezwa huwa haijapata nguvu zake zote. Kimeng'enya kimoja cha ini ndicho kiigeuzacho kuwa silaha. Paroksetini na fluoksetini hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Ontario, Kanada, uliofuatilia wanawake 2,430 waliotumia tamoksifeni pamoja na dawa ya sonona. Kwa waliopewa paroksetini, kadiri muda wa kuzichanganya ulivyorefuka, ndivyo vifo vya saratani ya titi vilivyozidi. Basi kidonge alichonunua kijana kwa kumpenda mamake kingeweza kuidhoofisha dawa inayomlinda.

Nilimuuliza kama yeye mwenyewe ana huzuni. Alinyamaza, akafuta macho kwa ncha ya buibui. Usingizi umempotea tangu alipopasuliwa, na majirani humwambia ni uchache wa imani. (Mtume wetu, s.a.w., alipofiwa na Bi Khadija, mwaka ule uliitwa mwaka wa huzuni. Nani atathubutu kumpima imani?)

Nilimsihi aende kliniki na pakiti zote mbili, na mwanawe afuatane naye. Na yeyote ambaye tayari anazinywa zote mbili asiache hata moja ghafla. Amwone daktari wake kwanza.

Daktari aliiweka kando fluoksetini, lakini huzuni yake hakuidharau. Alimwandikia venlafaksini, ambayo haikisumbui sana kimeng'enya kile, akampangia siku ya kurudi. Kijana aliufuta ule ujumbe simuni.