Sampu imepasuka Miasenyi: ni pesa ngapi, na utalipaje bila kutapeliwa?

Mjomba wangu alinipigia Jumamosi, saa tano asubuhi. "Mwanangu, gari imekufa hapa Miasenyi. Wewe si ndio mtu wa mambo ya pesa za simu? Hebu niambie, nimtumie huyu kijana elfu kumi na nane ama nisitume?"

Alikuwa ametoka mazishini Kasigau na Probox yake. Kwenye ile barabara ya vumbi alisikia jiwe likigonga chini, akaendelea tu, si unajua wazee. Akaingia lami pale Maungu, akapinda kuelekea Mombasa, na kufika Miasenyi taa nyekundu ya oili ikawaka. Hapo alifanya jambo moja la maana: alizima injini papo hapo. Angesema "wacha nifike Mackinnon Road kwanza", leo tungekuwa tunaongea juu ya injini mpya, na hiyo ni makumi ya maelfu.

Sampu ni lile beseni la chuma chini ya injini ambalo oili hukaa. Pampu huvuta oili kutoka hapo na kuisukuma kwenye vyuma vinavyozunguka. Beseni likitoboka, oili inaisha, vyuma vinasagana vikavu, na injini inanoki. Ndiyo maana tundu dogo kama punje ya mahindi linaweza kukumaliza.

Sasa bei. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba gari kama Probox, Fielder au Vitz yenye injini ya 1NZ ina sampu ya vipande viwili. Cha chini ni bati la chuma, na ndicho hugongwa na mawe. Cha juu ni cha alumini, ni ghali zaidi na kukifungua ni kazi kubwa. Kwa hiyo fundi akikutajia bei, muulize kwanza: ni ya chini au ya juu? Yule kijana wa barabarani hakuulizwa, naye hakusema. Alitaka tu 18,000 zote mkononi, eti aagize spea.

Mjomba alikuwa na 12,000 na kidogo kwenye simu. Hivi ndivyo zilivyotumika mwishowe. Sampu ya chini, iliyotumika kutoka Japani, 3,500. Oili lita nne 3,400 (injini hiyo inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta). Filta 600, silikoni ya kuzibia 450. Fundi kutoka Voi 2,500, na nauli yake 600. Matatu iliyobeba sampu kutoka Mombasa 300. Jumla 11,350. Hiyo ni bili ya mtu mmoja siku moja, usiende nayo kwa fundi wako kama sheria. Gari la Ulaya au pikapu kubwa ni hadithi nyingine kabisa, na kama ingebidi gari livutwe hadi Voi, pesa hizo zisingetosha.

Kuna walioniuliza, kwani isingechomelewa tu? Bati la chuma linaweza kuchomelewa, na tundu dogo linaweza kuzibwa na gundi ya chuma likakufikisha nyumbani. Lakini kwa kuchomelea lazima lifunguliwe na kusafishwa oili kwanza, kwa hiyo kazi ya fundi unailipa vilevile. Kama kilichoharibika ni nyuzi za ile bolti ya kumwagia oili pekee, hapo usinunue sampu, mafundi wengi wanaweza kuzikata upya.

Turudi kwa simu. Nilimwambia mjomba aanze kuweka namba ya kijana kama anatuma, asome jina linalotokea, asiweke PIN. Jina lilikuwa la mtu mwingine kabisa. Pengine ni ndugu yake, sijui, simhukumu. Lakini mtu usiyemjua, namba isiyo yake na pesa yote mbele, hivyo vitatu kwa pamoja hapana. Alipoambiwa atoe namba ya tili ya duka, akakasirika akaondoka.

Binamu yangu aliyeko Mombasa alienda dukani mwenyewe, akaishika sampu, akaikagua nyuzi, ndipo mjomba akalipa kwenye tili ya duka akiwa amekaa chini ya mti Miasenyi. Duka likatuma namba ya usajili ya matatu na simu ya dereva. Oili, filta na silikoni zilinunuliwa Voi kwa njia hiyohiyo: fundi alichukua bidhaa, mjomba akalipa duka. Mkononi mwa fundi ilitangulia nauli tu. Malipo ya kazi alipata kazi ilipoisha.

Ndiyo, kumtumia mtu mara mbili kunakatwa ada mara mbili. Mimi naona ni afadhali hiyo kuliko kupoteza elfu kadhaa. Kwa tili za bidhaa mteja huwa hakatwi. Na ukikosea namba, piga ripoti saa hiyohiyo, maana mpokeaji akishatoa pesa, kurudisha ni kazi ngumu.

Sampu ilifika saa tisa, ikafungwa kufikia saa kumi. Fundi akataka kumwaga oili mara moja. Silikoni inahitaji kukauka, saa mbili hivi au kama ilivyoandikwa kwenye tyubu yake, la sivyo itavuja tena. Mjomba akanywa chai, akaondoka saa kumi na mbili, akisimama kila baada ya kilomita chache kuchungulia chini.

Ule ujumbe wa malipo ya sampu bado uko kwenye simu yake. Duka lilimpa siku saba za kurudisha ikivuja, na risiti pekee aliyonayo ni huo ujumbe.